Meja Haskett Hakuwahi Kufika Hapa

Septemba 8, Jumatatu

Nesi wa kliniki ya kumbukumbu kanipa fomu yenye visanduku: ameamka saa ngapi, amekula nini, amesahau nini. Visanduku vyenyewe havitoshi hata jina la mtu. Kwa hiyo nimechukua daftari moja kati ya yale yaliyobaki Vernon alipostaafu ualimu, na humu nitaandika nitakavyo mimi. Nesi akitaka visanduku atavijaza mwenyewe.

Leo kaamka saa kumi na moja alfajiri. Kala uji mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kaisahau. Saa mbili akasimama dirishani na mkoba wake akaniuliza basi la shule linapita saa ngapi. Amestaafu miaka kumi na tisa sasa. Nikamwambia leo hakuna shule, akafurahi kama walivyokuwa wakifurahi wanafunzi wake.

Mahindi ya Duane Oltmann yametuzunguka pande tatu, yameanza kukauka majani ya chini. Ukianika shuka lazima uangalie lisichanwe na mabua.

Septemba 9

Hakuna jipya. Kalala vizuri.

Septemba 14, Jumapili

Kanisani wanamwita Meja. "Meja hajambo?" Carleen, mke wa mchungaji, aliniuliza mimi, na Vernon mwenyewe kasimama hapo hapo pembeni yangu kama koti nililobeba. Nikasema hajambo.

Jina hilo la utani ni la siku nyingi. Mji wetu huu wa Haskett, na kijito cha Haskett, na makaburi ya Haskett, na ghala la nafaka la Haskett, vyote ni jina la Meja Orrin Haskett, aliyeuawa kwenye vita vya Meksiko mwaka 1847 akipanda ukuta wa ngome, mkono mmoja ukiwa umeshapigwa risasi. Mwaka ule Amerika nzima ilimlilia. Watoto walipewa jina lake, miji ikapewa, vijito vikapewa, hata tumbaku ya kutafuna. Halafu vikaja vita vikubwa vya sisi kwa sisi, vikaleta mashujaa wapya, na Meja akawekwa kando. Huku Iowa hakuwahi kukanyaga. Siku aliyokufa hapa palikuwa nyasi tupu. Simama leo mbele ya posta uulize watu kumi Haskett alikuwa nani: tisa watakwambia labda ndiye aliyeleta reli, na wa kumi ni Vernon.

Alifundisha historia hapa miaka thelathini na minne, na hakuna mtoto aliyemaliza shule bila kuhadithiwa ule ukuta. Aligundua kuwa nchi nzima kuna mahali kumi na saba palipopewa jina la Meja, na kumi na mmoja kati ya hapo tumefika. Fungate yetu tulikwenda Haskett ya Indiana: kituo cha mafuta na mbwa mmoja. Mimi nilitaka bahari. Nikapigwa picha chini ya kibao cha barabarani. Ninazo picha kumi na moja nimesimama chini ya vibao, kila moja nimezeeka kidogo na kununa zaidi. Sijui kama nayaandika haya kwa hasira au kwa mapenzi. Miaka hamsini na mmoja sijaweza kuvitenganisha.

Septemba 23, Jumanne

Duane kaanza kuvuna upande wa kusini. Vumbi hadi ndani ya sukari.

Akipita na ile mashine yake kubwa hunipungia mkono, nami huwa ghafla nina kazi na nguo kambani. Duane ana miaka hamsini na minane sasa, lakini alipokuwa na kumi na saba Vernon alimfelisha historia akarudia kiangazi kizima. Hilo Duane hakuliwekea kinyongo. Ambalo Vernon hakusahau ni jiwe. Kulikuwa na jiwe la kumbukumbu la Meja katikati ya shamba moja huko kaskazini, Duane alipolinunua shamba aling'oa jiwe ili mistari yake inyooke, akalipeleka mjini kwenye bustani, wakalisimamisha jirani na choo. Vernon aliandika barua kumi na nne gazetini. Tangu hapo hawasalimiani, na mimi nimefuata, mke anavyofuata.

Septemba 24

Kakataa kuoga.

Septemba 25

Kakataa kuoga.

Septemba 26

Kaoga. Nililia kwa furaha juu ya ndoo ya nguo chafu. Nimefika huko.

Oktoba 3, Ijumaa

Kafungasha. Nimemkuta kitandani na begi la safari: soksi, rimoti ya televisheni, mkate.

"Unakwenda wapi?"

"Kuripoti. Meja anatusubiri."

Vernon hakuwahi kuwa askari. Macho yake yalikataliwa jeshini. Nikamwambia Meja kasema kesho. Akavua kofia akalala, mtiifu kabisa, na mimi nikajifunza kuwa naweza kumdanganya kwa jina hilo. Sikupenda nilivyofurahi.

Janelle, binti yetu, kapiga simu kutoka Denver. "Mama, ile nyumba ya wazee ya Lund ina nafasi. Nimeongea nao. Ni pazuri, wana bustani."

"Na ng'ombe wana zizi."

"Mama, sikufanyii utani."

"Hata mimi. Nilimwahidi baba yako siku ile tulipopewa majibu, kwenye gari, kabla hatujatoka hospitali. Nilimwambia utafia kitandani kwako na mimi nitakuwepo. Yeye kasahau. Mimi sijasahau."

Akaniuliza nimelala saa ngapi jana. Nikakata simu.

Oktoba 8, Jumatano

Nimefunga makomeo kwa nje, mlango wa mbele na wa jikoni. Nimemwambia fundi ni kwa ajili ya wezi. Haskett haijaibiwa tangu mwaka wa theluji kubwa.

Leo kanikamata mkono nilipomzuia kutoka. Ana nguvu ajabu.

Oktoba 9

Asubuhi kauona mkono wangu ulivyovimba. Akaushika taratibu, akaupulizia, akaniuliza nani kanifanyia hivi, nimtajie tu, atamshughulikia.

Oktoba 14, Jumanne

Kesho ni mazishi ya Arvilla Bruns. Mimi ni kundi la sandwichi. Katika kanisa letu mtu akizikwa, kuna kundi la saladi, kundi la keki na kundi la sandwichi, na orodha imebandikwa ukutani tangu Januari. Hakuna mtu aliyewahi kukosa zamu yake isipokuwa kwa kuwa yeye ndiye anayezikwa.

Carleen kanipigia. "Dada yangu atakuja kukaa na Meja, wewe njoo kwa nafasi yako."

"Hakuna haja. Anatazama televisheni, hata hajui kama nimetoka."

"Una hakika, Marlys?"

"Nina hakika."

Ukweli ni kwamba siku hizi anavua suruali wakati wowote, na sikutaka dada yake Carleen amwone mwalimu wa mji huu hivyo, halafu aende akasimulie kwa huruma. Huruma ya watu wa hapa husambaa haraka kuliko matusi.

Oktoba 15, Jumatano

Vernon hayupo.

Oktoba 16, Alhamisi

Askari wa kaunti kaniamuru nikae nyumbani karibu na simu, maana huenda akarudi mwenyewe. Kwa hiyo nimekaa. Wenzangu wanamtafuta mume wangu na mimi nimekaa mezani na kalamu. Nisipoandika nitavunja vyombo.

Jana nilitoka saa nne na robo. Nilimpa kahawa, nikamwashia televisheni, nikaficha viatu, nikafunga makomeo yote mawili. Nilipaka siagi mikate mia na ishirini. Nilikaa hadi mwisho kuosha sufuria kwa sababu ilikuwa raha kusimama kwenye sinki na wanawake wakipiga soga juu ya mambo yasiyo na maana. Naandika ilivyo: nilichelewa makusudi. Nilirudi saa saba na nusu. Makomeo yalikuwa mahali pake. Mlango wa chumba cha chini, ule wa kushushia kuni, ambao hatujaufungua miaka sita, ulikuwa wazi.

Katoka na ndara za ndani na sweta ya kijivu. Kofia kavaa.

Kwanza nilikimbilia mahindini nikiita. Ndani ya mahindi yaliyokauka huoni zaidi ya mistari miwili, na upepo ukipiga majani yote yanaongea, huwezi kusikia hata sauti yako. Niliita mpaka koo likakauka. Nilipotoka, upande mwingine kabisa na nilikodhani, mashine ya Duane ilikuwa inakuja kwenye mstari wa mwisho, visu mbele. Nilisimama mbele yake na mikono juu.

Akazima. Akateremka ngazi upesi kuliko mwili wake unavyoruhusu.

"Kuna nini, Bi Marlys?"

"Vernon yumo ndani ya mahindi."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika rangi hivyo. Aligeuka akatazama alikotoka, ekari zote alizozivuna tangu asubuhi. Akaenda akainama mbele ya mashine akaikagua, jino moja moja. Kisha akapanda akachukua redio. "Zimeni," alisema. "Wote. Mwalimu Dahlke kapotea mahindini. Asiwashe mtu hadi niseme."

Nikasikia mashine zikinyamaza moja baada ya moja, hadi zile za mbali. Sijawahi kusikia Oktoba iko kimya.

Kwenye televisheni wanasema mvua kubwa na upepo Ijumaa. Mabua yamekuwa makavu, yakipigwa yatalala chini na hakuna mashine itakayoyaokota. Familia nane zimesimamisha mavuno kwa siku mbili nzuri za mwisho. Hakuna hata mmoja aliyenitajia hilo.

Saa nne asubuhi. Wametafuta kwenye kijito cha Haskett hadi darajani. Hakuna kitu.

Saa tano. Wametafuta makaburini, na shule ya zamani, na nyuma ya ghala. Niliwaambia wazi: tafuteni kila penye jina la Meja, atakuwa hapo. Walikwenda kwenye jiwe bustanini kabla ya mahali pengine pote. Mtu kawekwa pale kulinda jiwe, kakaa kwenye benchi tangu jana.

Saa saba. Mbwa wa polisi wamefuata harufu hadi barabara ya lami, wakazunguka, wakakaa chini. Ile ndege yao ndogo ya kamera haiwezi kuruka kwa upepo huu.

Askari, kijana mwenye adabu, kaniuliza tena: "Mlango ulikuwa umefungwa au umerudishwa tu, mama?"

"Umerudishwa tu," nimesema. "Alikuwa amelala."

Kaandika. Nimesema uongo kwa mtu anayeutumia uongo wangu kumtafuta mume wangu.

Saa tisa. Carleen kaleta chakula cha watu ishirini. Nilidhani atasema nilikwambia. Hakusema. Kaniosha uso kwa kitambaa cha moto. Nilitamani aseme.

Saa kumi na moja. Watu wanatoka mahindini, nyuso zimechanwachanwa na majani. Wanapita mbele ya dirisha langu na kutazama chini. Nimejaribu kulitamka neno mjane, kwa sauti, jikoni, ili nisikie linavyokaa. Linakaa vizuri mno. Mungu anisamehe.

Oktoba 17, Ijumaa

Kapatikana. Yu hai. Nitaandika nikiweza.

Oktoba 19, Jumapili

Naandika hospitali, Vernon kalala.

Ijumaa, kulipopambazuka tu, Duane aliingia jikoni kwangu bila kubisha. Mvua ilikuwa bado, mbingu imeshuka. Nikamwekea kahawa. Alikaa kwenye kiti cha Vernon na sikumkataza.

"Watu watarudi mahindini saa moja," alisema. "Nimewapanga kwa kamba safari hii."

"Nilimfungia," nikasema.

"Nini?"

"Nilimfungia kwa nje. Makomeo mawili. Nikaenda kupaka siagi mikate. Askari nimemdanganya."

Alizungusha kikombe. Nilijua kinachokuja. Mtu huyu ana haki ya kunisema, barua kumi na nne.

"Mimi mama yangu," alisema, "nilimfunga kwenye kiti. Kwa kamba ya marobota. Miaka miwili, kila nilipokwenda shamba. Kila jioni nilikuwa nafungua nikiomba nimkute amekufa. Hakuna anayejua, hata mke wangu. Sasa unajua wewe." Akanywa kahawa. "Mwalimu alisema nini mara ya mwisho?"

"Yale yale. Anakwenda kuripoti kwa Meja. Lakini jiwe tumeliangalia, Duane. Kuna mtu pale tangu Jumatano."

Duane akaweka kikombe mezani. Aliweka taratibu sana.

"Lile jiwe halikai pale," alisema.

"Linakaa jirani na choo. Ulilipeleka mwenyewe."

"Nililipeleka mimi. Yeye hajawahi kulifuata." Alikuwa ameshasimama. "Kila Mei alitutoa darasani tukatembea hadi kule kaskazini. Kwa miguu, maili mbili, hata mvua ikinyesha. Haskett ilikuwa kule, mji wenyewe, kabla ya reli. Reli ilipopita huku chini, watu waliweka nyumba zao juu ya magogo wakazikokota kwa farasi, kanisa na duka na jina vyote wakavileta. Wakaacha jiwe tu. Kalirudia hilo mara ngapi? Mimi nimelisikia mara mbili, nilifeli."

Na mimi nimelisikia mara elfu. Hilo ndilo linalonikaba. Mke wa Vernon Dahlke, nimekaa siku mbili nikiwatuma watu kila penye jina, na mahali pa kwanza kabisa kupewa jina hilo sikupakumbuka, kwa sababu jina limeondoka pale na kila mtu hapa anajua tulivyo: penye jina ndipo penyewe.

Shamba lile ni la ekari mia tatu, mahindi yamesimama yote, na hakuna alama. Duane aliondoa kila alama. Tulifika na gari lake kwenye ukingo wa magharibi na upepo ulikuwa unataka kutung'oa mlango.

"Utapajuaje?" nikamuuliza.

"Kando ya jiwe kulikuwa na msingi wa kanisa. Kila mwaka navunja jembe pale pale." Akaanza kuhesabu mistari kwa kidole, akitembea. Kwenye mia moja na kumi na mbili akaingia. Nikamshika mkanda wa suruali kwa nyuma nikamfuata. Majani yalinikata midomo. Sijui tulikwenda mwendo gani. Nilikuwa naongea na Mungu kwa lugha ambayo sitaiandika.

Palikuwa na uwazi, mdogo tu, wa kutosha meza, ambapo mahindi yamedumaa kwa sababu ya kokoto. Vernon alikuwa amekaa chini, magoti kifuani, kajifunika majani makavu hadi mabegani. Ndara moja. Midomo ya buluu. Macho yalikuwa wazi na nilidhani ni ya maiti, hadi yakahama kwa Duane.

"Oltmann," alisema. "Umechelewa."

"Ndiyo, Mwalimu," Duane akasema. "Samahani, Mwalimu." Akavua koti lake, akapiga magoti kwenye kokoto na kumfunika, na mtu mzima yule akalia kwa sauti, bega linaruka.

Vernon akanitazama mimi. "Na huyu mama ni nani?" aliuliza. "Raia hawaruhusiwi huku."

Mvua ilianza tukiwa barabarani. Ilinyesha siku nzima na upepo ukalaza kila kitu. Carleen kaniambia jana kuwa zile ekari mia tatu za Duane ziko chini, zote. Nilimngoja leo aje hospitali nimwombe radhi kwa miaka ya kumgeuzia mgongo kwenye kamba ya nguo. Alikuja na boksi la keki, akakaa. Nilimwambia keki ni nzuri.

Oktoba 24, Ijumaa

Wamekata vidole viwili vya mguu wa kushoto, vilivyokufa kwa baridi ya shambani. Hajaniuliza viko wapi.

Oktoba 28, Jumanne

Daktari, bibi wa ustawi wa jamii, Janelle aliyekuja kwa ndege, wote wamekaa upande mmoja wa meza. Hawezi kurudi nyumbani, wanasema. Nikawaambia nitaziba mlango wa chini kwa matofali. Nikawaambia nitalala nimefungwa naye mkono kwa mkono. Yule bibi aliandika hilo, nikaona kwa jinsi alivyoandika kuwa nimejiharibia.

"Mama," Janelle alisema kwenye korido, "ahadi uliyompa ulimpa mtu mwingine."

Nilimpiga kibao. Binti yangu wa miaka arobaini na sita. Hakunirudishia, alinikumbatia tu, na nikasikia mgongo wangu ulivyo mwembamba mikononi mwake.

Oktoba 30, Alhamisi

Nataka kuliandika hili mara moja, nisiliandike tena. Jana Janelle alinirudisha nyumbani nilale. Nililala kwa muda wa saa kumi na moja mfululizo. Niliamka jua limeingia, nyumba kimya, hakuna aliyevua nguo, hakuna aliyeniita mama. Nikatengeneza kahawa nikainywa ikiwa moto. Nilikuwa na furaha. Kabla sijakumbuka chochote, nilikuwa na furaha ya msichana. Nikakaa sakafuni na ile kahawa na nikajua kuwa nitaweka saini karatasi za Lund.

Novemba 3, Jumatatu

Nimeweka saini.

Novemba 5, Jumatano

Kakataa kutoka kitandani. Wahudumu wawili walimshika, akang'ang'ania chuma cha kitanda, akapiga kelele kuwa yuko zamu na haachi lindo. Wameahirisha.

Novemba 6, Alhamisi

Tena vile vile. Kamng'ata mmoja. Daktari anasema kesho watamchoma sindano ya usingizi, apelekwe amelala. Nimemuuliza ataamka vipi huko. Kasema, ataamka ameshafika. Nimewaomba wanipe asubuhi moja.

Novemba 7, Ijumaa

Duane alinipeleka hospitali. Alivaa ile suti yake ya kanisani, sijui kwa nini, na mimi sikumuuliza. Janelle alingoja nje na gari.

Niliingia peke yangu. Vernon alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, tayari. Nikasimama miguuni pake, wima. Miaka hamsini na mmoja nilimkejeli huyo Meja wake, nikamwonea wivu kama mwanamke mwingine. Nikafungua mdomo.

"Kuna amri ya Meja Haskett," nikasema. "Kikosi kinahamia Lund leo. Wewe unatangulia."

Vidole vikalegea kwenye chuma, kimoja kimoja.

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo wake."

"Na hapa nani atalinda?"

"Mimi," nikasema.

Alinipima kutoka juu hadi chini. Sidhani kama nilimridhisha, ila hakuwa na mwingine. Akaomba suruali. Alivaa mwenyewe, vifungo vyote, mara ya kwanza tangu kiangazi. Duane akamshika mkono hadi kwenye gari na Vernon akamwita koplo, na Duane akasema ndiyo afande. Njia nzima mashamba yalikuwa meusi, mabua yamelala matopeni pande zote mbili za barabara. Vernon aliyatazama akasema ilikuwa vita kali.

Nyumba ya Lund ina sakafu inayong'aa na harufu ya supu. Chumba chake kinaangalia maegesho. Kitanda kimoja. Nilitazama ukubwa wa kile kitanda, kisha nikatazama pengine. Muuguzi alikuwa na upole, alimwita bwana Dahlke, naye hakuitika. Janelle alipanga nguo kabatini bila kugeuka. Ilipofika saa ya sisi kuondoka, Vernon alinisindikiza hadi mlangoni akichechemea, kwa adabu zake zote, akashika kofia yake mkononi.

"Umetembea mbali, mama," aliniambia. "Una mtu wako vitani?"

Janelle akatoka nje upesi. Duane akatazama viatu vyake.

"Ninaye," nikasema. "Mume wangu."

"Jina lake nani?"

"Vernon Dahlke."

Alifikiri. Alifikiri kweli, kope zimebana, kama alivyokuwa akifikiri akiulizwa na mtoto swali asilo na jibu lake. Nilimngoja. Ningemngoja hapo hadi usiku.

"Simjui," alisema mwishowe. "Samahani sana, mama. Lakini tuko wengi huku. Nikikutana naye nimwambie nini?"

Nikamwambia amwambie nilijaribu.